Roshani ya wazi au ya kioo? Siku tano njiani na Shangazi

Jumatano, Tanga

Nimeitwa kwa Shangazi kabla ya chai. Ukiitwa na Shangazi kabla ya chai, ama kuna mgonjwa ama kuna jambo limemkera usiku kucha. Leo lilikuwa la pili. Nimemkuta barazani kwake Ngamiani, miwani puani, simu ameishika mbali na uso kama anayepima kitambaa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa hapo. Wewe si ndiye ulikuwa unatandika vitanda kwenye hayo mameli ya watalii? Haya, nieleze, maana mwenzio ananichanganya."

Mwenzangu ni binti yake aliyeko Leicester, Uingereza. Amedunduliza pesa miaka mitatu apate kumtembeza mama yake baharini: wiki moja katika Mediterania, mwezi wa Oktoba, wanapanda Barcelona na kushukia hapo hapo. Viza imetoka, tiketi ya ndege ipo. Kimebaki chumba. Kuna meli mbili zinazoondoka wiki ileile kwa bei zinazokaribiana. Moja ina vyumba vyenye roshani ya wazi, nyingine ina roshani iliyozibwa kioo. Jibu linatakiwa Jumapili jioni.

Nimefanya kazi hiyo miaka minane. Mhudumu wa vyumba: mkataba wa miezi saba au minane, unarudi Tanga miezi miwili, watu wanakuuliza umeleta nini, unaondoka tena. Nimehudumia vyumba vya aina zote mbili, nimefuta chumvi kwenye vioo vyake, nimeokota chini ya viti vyake vitu ambavyo sitavitaja hapa. Kwa hiyo nilijiona mtaalamu, nikakaa vizuri.

Nikamwambia ya wazi ni rahisi kuielewa. Chukua baraza hii tuliyokalia, ipandishe ghorofa ya nane, ining'inize juu ya maji. Chumba kinaishia kwenye mlango mzito wa kioo. Unafungua, unavuka kizingiti, unatokea nje: viti viwili, kimeza, na ukingo wa kuegemea. Upepo, jua, mvua, vyote vyako.

Ya kioo ni nyingine. Pale chumba hakiishii mlangoni, kinakwenda moja kwa moja mpaka ubavu wa meli. Mahali ambapo pangekuwa na ukingo pana kioo kutoka sakafuni hadi darini, kimegawanywa katikati na fremu. Unabonyeza kitufe, kioo cha juu kinateremka taratibu mpaka usawa wa kifua, upepo unaingia. Ukitaka kutenga sehemu ya kukaa na kitanda, kuna milango ya kukunja. Boti za watalii za kwenye mito ya Ulaya zilikuwa na madirisha ya namna hiyo kabla, lakini kwenye meli kubwa za bahari mtindo huu ulivuma na Celebrity Edge, iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza safari mwaka 2018. Icon of the Seas ya mwaka 2024 nayo ina baadhi ya vyumba hivyo.

Shangazi akanyamaza kidogo, akacheka.

"Kumbe dirisha la treni!"

Akanikumbusha treni ya Korogwe ya ujana wake: unashika vishikio viwili, unashusha kioo, unatoa uso, vumbi linakuingia mpaka kwenye meno. Miaka minane nimesikia abiria wakitafuta maneno ya kueleza lile dirisha, hakuna aliyelipata kwa wepesi huo.

"Chukua ya wazi," nikamwambia. "Wala usifikirie mara mbili."

"Sikukuambia unichagulie. Nimekuambia unieleze."

Kesho anakwenda Pangani kuwaona wakwe zake, Ijumaa anashuka Bagamoyo kwenye arusi. Mimi ndiye mbeba mizigo. Nitaendelea kueleza njiani.

Alhamisi, Pangani

Tanga hadi Pangani ni kilomita kama hamsini tu, lakini kwa Kosta inayosimama kila penye mti ni safari ya kutosha kula karanga mfuko mzima. Mkonge kushoto, mkonge kulia, minazi, halafu ghafla harufu ya mto. Dirisha letu lilikuwa lile la kusukuma, nusu wazi. Shangazi alijifunga ushungi mara mbili na hakulalamika hata mara moja.

Nyumba ya wakwe inatazama mto, karibu na pale pantoni inapovusha watu kwenda Bweni. Nguzo za daraja jipya zinaonekana. Mchana Shangazi alifua kanga zake mbili, akazianika uani. Kusi linavuma hasa mwezi huu. Baada ya nusu saa moja ilikuwa kwa jirani, mtoto akairudisha ameivaa kama joho.

Jioni tukaketi barazani kupunga upepo. Nilitaka aone kwa macho yake raha ya kukaa nje. Akamiminiwa kahawa. Hajafikisha kikombe mdomoni, akapita mtu: "Shikamoo Bibi, za Tanga?" Akajibu. Akapita mwingine. Akapita wa baiskeli akashuka kabisa kwenye baiskeli. Kahawa ikapoa.

"Hii ndiyo roshani yako ya wazi?"

Nikakiri kwamba kwa sehemu ndiyo. Roshani za wazi zimepangwa ubavuni mwa meli kama vyumba vya nyumba ya kupanga, na kati ya yako na ya jirani kuna kizuizi chembamba tu. Huoni mtu, lakini unamsikia akikohoa, akigombana na mkewe, akiongea na simu kwa sauti ya sokoni. Familia zikichukua vyumba viwili vya pamoja, kwenye meli nyingine mhudumu anakuja na ufunguo, anakizungusha kile kizuizi na roshani mbili zinakuwa moja. Nilikuwa nikifungua vizuizi vile naona jinsi watoto wanavyofurahi, nikajua siku hiyo nitafagia chipsi mpaka saa nne usiku.

Na moshi. Meli nyingi sasa zimepiga marufuku sigara kwenye roshani, na si kwa sababu ya harufu peke yake. Tarehe 23 Machi 2006, meli ya Star Princess ikiwa njiani kwenda Jamaika, moto ulianzia kwenye roshani, na ilidhaniwa chanzo ni kishungi cha sigara. Vizuizi na viti vya plastiki vikashika, upepo wa mwendo ukausukuma moto kutoka roshani hadi roshani na sitaha hadi sitaha, na abiria mmoja akapoteza maisha. Kuanzia Julai 2008 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zikaziingiza roshani kwenye masharti ya moto. Kwenye mafunzo tulionyeshwa picha za ubavu wa meli ile, mweusi kama chungu. Baada ya kuziona, kila nilipokuta kishungi kwenye roshani ya mtu, hata kiwe kimezimika, nilikuwa naripoti. Abiria wengine waliniita mmbeya.

Shangazi alisikiliza hilo kuliko yote niliyosema tangu jana. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mvutaji.

Upepo ukaongezeka, tukaingia ndani. Shemeji akafungua mlango wa nyuma kutupa maji, na mlango wa mbele ukajibamiza kwa kishindo mpaka plasta ikadondoka. Nikaruka. Siyo woga, ni kazi imenizoesha. Kwenye chumba chenye roshani ya wazi, mlango wa nje ukiwa wazi na mtu akafungua wa ukumbini, mkondo wa hewa unapita chumbani kama treni. Karatasi zinaruka, pazia linasimama, na ule mlango mzito unarudi bila huruma. Kidole changu hiki cha shahada, mkono wa kushoto, hakinyooki vizuri mpaka leo. Alifungua abiria, alifunga upepo, aliyelia ni mimi.

"Na kwenye ya dirisha la treni?"

"Upepo upo, Shangazi. Lakini mlango wa kukubamiza haupo."

Akaniangalia kidole, hakusema kitu.

Ijumaa, njiani kwenda Bagamoyo

Alfajiri tumechukua gari hadi Muheza, tukasubiri basi linalotoka Tanga. Basi zuri, jipya, viti vya kuegemea, kiyoyozi, na madirisha makubwa yasiyofunguka. Shangazi alikaa dirishani akajisifu: "Sasa hapa ndipo pa kukaa mtu mzima."

Mpaka Segera mambo yalikuwa matamu. Tulipofika Michungwani, wauza machungwa wakalizunguka basi, matenga vichwani, wakiinua machungwa yaliyomenywa mpaka usawa wa uso wa Shangazi. Yeye ndani, chungwa nje, kioo katikati. Akagonga kioo. Muuzaji akagonga kioo. Wakaonyeshana vidole: matano? Matano. Ikabidi noti ipite kwa abiria wanne, imfikie konda, konda afungue mlango, chungwa lirudi kwa njia ileile, na chenji ikapotelea kati ya kiti cha kumi na cha sita. Abiria wa Kosta iliyosimama nyuma yetu walikuwa wanakula tayari.

Sikutaka kusema neno. Kweli sikutaka. Lakini mdomo haukunisikiliza: "Umeona faida ya nje?"

"Kula chungwa lako."

Baada ya Kabuku kiyoyozi kikafa. Dakika kumi za kwanza watu walijipepea kwa tiketi. Dakika ishirini, mtoto mmoja akaanza kulia na mama yake naye nusura. Dereva akafungua vile vifuniko vya darini, ikaingia hewa ya moto yenye harufu ya dizeli. Jasho lilikuwa linamtiririka Shangazi chini ya miwani, na mimi, kwa kuwa sina adabu, nikaona huu ndio wakati wa kueleza habari ya kiyoyozi cha melini.

Kwenye vyumba vya roshani, za aina zote mbili, kwa kawaida kuna kihisio: ukifungua kwenda nje, kiyoyozi cha chumba kinajizima, maana meli haiwezi kupooza bahari nzima. Kwenye roshani ya wazi hilo halisumbui sana. Unatoka, unafunga mlango nyuma yako, ndani kunabaki baridi, nje unabaki na upepo wako. Kwenye ya kioo, ukishusha dirisha na milango ya kukunja iko wazi, chumba kizima kinakuwa nje. Nchi za joto unajuta. Ndiyo maana milango ile ipo, na ndiyo maana nilikuwa nikiingia kutandika nawakuta watu wameikunja yote pembeni, dirisha wameshusha, wamelala wanatoka jasho wakilaumu fundi.

"Oktoba huko kuna joto?"

"Mchana kuna kijua kizuri. Jioni ni kama Lushoto."

"Basi kiyoyozi cha nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaendelea na la nahodha. Kwenye ya kioo dirisha ni la umeme, na chumba cha nahodha kinaweza kulifunga lenyewe bahari ikichafuka. Uko umekaa na kahawa, kioo kinaanza kupanda polepole mbele yako, bonyeza usibonyeze. Mzee mmoja, abiria wangu, aliwahi kunipigia simu akidai chumba chake kina shetani. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kutoipenda. Roshani ya wazi, bahari ikichafuka sana, watakutangazia usitoke, na ni busara kutii. Lakini mlango umeushika wewe.

"Kwa hiyo nahodha ndiye konda," Shangazi akasema, akiangalia kioo cha basi ambacho hakuna mtu humo ndani angeweza kukifungua.

"Ndiye."

"Na kosa la leo ni la kioo au la kiyoyozi?"

Mwalimu hastaafu. Tulivuka daraja la Wami, mto chini umejaa matope mekundu, tukakata kushoto Msata. Kilomita sitini na kitu za mwisho alilala. Bagamoyo tumefika saa tisa, Ijumaa imetupita, tumeswali adhuhuri na alasiri kisafari.

Jumamosi, Bagamoyo

Arusi ni ya usiku, kwa hiyo asubuhi tulikuwa huru. Shangazi alitaka kwenda pwani kuangalia bei ya samaki, si kununua, kuangalia tu. Tukapita Mji Mkongwe. Ukitoka kwenye Boma la Wajerumani unaingia mtaa wa nyumba za zamani za wafanyabiashara, milango ya nakshi, kuta zinazomomonyoka, nyingine zimebaki uso tu bila mwili. Mbele ya nyumba moja ya ghorofa alisimama akaangalia juu. Roshani ya mbao, imeezekwa, imezungushiwa vipande vya mbao vya kuinamisha kama vya madirisha ya zamani.

"Unaona ile? Bibi yangu mzaa baba alikaa kwenye nyumba ya namna hiyo, Tanga. Wanawake walikaa juu pale wanaona mtaa wote, mtaa hauwaoni. Unaweza kukaa kichwa wazi, unasuka, unakula, unacheka unavyotaka. Ile ilikuwa sitara, baba. Baraza ilikuwa ya wanaume."

Nikasema lakini hizo hazikuwa na kioo wala umeme.

"Zilikuwa na upepo na zilikuwa na sitara. Hayo mengine ni ufundi."

Hapo nikaona nateleza. Pwani maji yalikuwa yametoka sana. Bagamoyo bahari ikitoka unaweza kutembea mpaka uyaone majahazi yamelala ubavu kwenye matope kama ng'ombe waliochoka. Ni kina kifupi hiki kilichowafanya Wajerumani wahamishie makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Meli ya kwenda nayo Shangazi ingetia nanga mbali kabisa, ingeonekana kama jengo limeota baharini.

Nikaokota kijiti nikamchorea chumba mchangani. Chumba cha kioo cha kawaida kwenye Celebrity Edge ni kama mita za mraba kumi na tisa, na ile sehemu ya dirishani kama nne. Shangazi hapimi kwa mita. Akatandaza kanga moja, akapiga hesabu: sehemu ya dirishani ni kanga mbili na nusu hivi. Doti moja na kipande. Roshani ya wazi ya chumba cha kawaida nayo ndiyo hiyohiyo au inazidi kidogo.

"Mbona sawa?"

Ni sawa kwenye mchanga. Kwenye ya wazi, zile kanga mbili na nusu ni za nje, kukiwa na baridi au mvua humo hukai, unabaki na chumba. Kwenye ya kioo ni zako saa zote, hata tufani likivuma nje. Watu wengi wananunua ya wazi halafu kwa wiki nzima wanatoka mara tatu: kupiga picha ya kuondoka, kupiga picha ya machweo, na kuangalia kama mvua imekwisha. Nayajua hayo kwa viti. Kiti kilichokaliwa hakikai pale nilipokiweka asubuhi.

Kizingiti nilikichora kwa kupandisha mchanga kimo cha kiganja. Kipo ili maji yasiingie ndani. Shangazi alikivuka mara moja, akasimama, akashika goti. Goti la kulia, lina miaka sita linamsumbua. Hakusema kitu, lakini alikivuka tena kurudi kwa kunishika bega. Kwenye ya kioo sakafu ni moja, hakuna cha kuvuka.

Lakini na mimi nilikuwa na turufu yangu. Nikamkalisha kwenye kreti la samaki, nikasimama mbele yake nikiwa nimeshika upondo wa ngalawa wa mvuvi mmoja, nimeulaza usawa wa macho yake.

"Ndiyo nini?"

"Hii ndiyo fremu ya dirisha. Ukisimama unaona bahari yote. Ukikaa, chini yake unaona kupitia kioo, juu yake unaona wazi, lakini mstari huu unabaki hapohapo katikati ya macho."

Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Mvuvi mwenye upondo akauliza tunaigiza nini, kama tumetoka chuo cha sanaa. Shangazi akamwambia tunanunua nyumba.

Na kutazama chini, nikaendelea. Kwenye ya wazi unaegemea ukingo, na usiogope, sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka ukingo usipungue inchi 42, ambazo ni kama sentimita 107, kwa Shangazi ni juu ya tumbo. Unaona povu la meli linavyokatika, unaona mbele nchi inavyojitokeza, unaona nyuma ulikotoka. Nje ni nje. Usiku taa zikizimwa unasikia maji yanapasuka ubavuni, na chumvi inakukaa mdomoni. Dirishani unasikia pia, lakini unasikia ukiwa ndani.

Nilipokuwa nasema haya nilisahau Shangazi yupo. Mhudumu haruhusiwi kukaa kwenye roshani ya abiria. Lakini siku za kubadilisha abiria, wa zamani wameshashuka na wapya hawajapanda, kuna dakika chache. Unafuta ukingo polepole kuliko inavyohitajika. Bandari nyingi za dunia nimeziona kwa dakika zile, kitambaa mkononi.

Shangazi akainuka kwenye kreti, akajipangusa mchanga.

"Hilo ulipaswa kuniambia Jumatano."

Arusini hatukuzungumza habari ya meli. Pilau ilikuwa nzuri, taarabu ilichelewa, bwana arusi alitokwa jasho kuliko basi la jana.

Jumapili, Bagamoyo

Tumeamka tumechelewa. Amekunywa chai na mhogo, ameniuliza maswali ya mwisho mwisho. Chumba kiwe wapi? Nikamwambia kama wazee wasemavyo, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: omo, yaani mbele ya meli, inapanda na kushuka, tezi, yaani nyuma, inatetemeka kwa mashine, juu kunayumba, kwa hiyo kama tumbo lake si la baharini achukue katikati, sitaha za chini chini. Aulize pia kama mbele ya chumba hakuna boti za kuokolea, maana zipo roshani zinazotazama mgongo wa boti safari nzima. Na awe macho kwamba neno roshani peke yake halitoshi. Kuna meli, Oasis of the Seas ya mwaka 2009 ndiyo iliyoanza, zina roshani zinazotazama ndani, kwenye bustani iliyo katikati ya meli. Ukitoka asubuhi na kikombe chako unatazamana na mtu wa ng'ambo naye ana kikombe chake.

"Astaghfirullah."

Kuswalia? Kwenye ya kioo, milango ikikunjwa, mswala unatandikwa vizuri ukitazama maji, ila kibla kinahama kadiri meli inavyogeuka, itabidi simu imsaidie. Kwenye ya wazi, nje upepo utamsumbua, ndani kati ya kitanda na kochi patatosha kwa kujibana.

Akatafakari. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Nimeamua. Ya wazi. Goti litanisamehe. Siendi Ulaya kuangalia bahari kwa fremu."

Sikuficha furaha. Nilijiona nimeshinda kesi. Akachukua simu, akabonyeza kile kipaza sauti cha kurekodi, akaachia, akanigeukia.

"Hivi kanga zangu nitazianika wapi?"

"Wapi vipi?"

"Nitafua. Mimi sivai kanga siku mbili, wewe unajua. Nitazianika pale ukingoni?"

"Hawaruhusu, Shangazi. Kitu hakianikwi ukingoni."

"Hata moja?"

"Hata leso. Upepo ule utaichukua. Mimi nimeokota nguo ya kuogelea ya mtu wa sitaha ya kumi kwenye roshani ya sitaha ya saba. Kuna kamba bafuni."

"Bafuni." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyetajiwa jela. "Na ile ya dirisha la treni. Viti vyake vimo ndani?"

"Vimo ndani."

"Nikitandaza kanga mgongoni mwa kiti, nikashusha kioo kidogo tu kwa juu, upepo ukaingia. Itaruka?"

Nilijaribu kufikiria namna ya kusema ndiyo.

"Haitaruka."

"Nani ataiona?"

"Mhudumu. Anaingia asubuhi na jioni."

"Mhudumu ni mwana wa mtu. Atapita aende zake."

Akabonyeza tena simu, safari hii hakuachia.

"Assalaam alaykum mwanangu. Tumefika salama Bagamoyo, arusi imekwenda vizuri, bibi arusi kapendeza. Sasa sikiliza. Chukua hiyo ya kioo. Katikati, sitaha za chini, pasiwe na boti mbele. Binamu yako hapa anasema ya wazi ndiyo nzuri, naye ana sababu zake, nitakueleza tukionana. Na uniletee vibanio vya nguo, vile vya mbao, si vya plastiki."